Vitabu Badala ya Kengele

Maneno ya mazungumzo juu ya maktaba za miji midogo zinazoanzishwa kwa vitabu vya zawadi



Mwaka 1778 wakulima wa upande mmoja wa Wrentham, katika jimbo la Massachusetts nchini Marekani, walipata idhini ya kujitenga na kuwa na mji wao wenyewe. Mji huo ulikuwa mdogo, wenye mashamba na nyumba moja ya ibada. Hapo kwanza ulikusudiwa kuitwa Exeter. Kisha jina hilo likafutwa katika hati, na mahali pake likaandikwa Franklin, kwa heshima ya Benjamin Franklin, mpiga chapa wa Philadelphia, ambaye wakati ule alikuwa Ufaransa akiiwakilisha nchi yake iliyokuwa vitani na Uingereza.

Kuuita mji kwa jina la mtu mkubwa si jambo la bure, hata katika nchi za mbali. Watu wa Franklin walitumaini kupata zawadi, nao walijua wanalolitaka. Walitaka kengele. Wakampelekea habari kwamba wako tayari kujenga mnara juu ya nyumba yao ya ibada, ikiwa yeye atawapa kengele ya kutundika humo. Hapana haja ya kuwacheka. Kengele huita watu kwa sala, hutangaza moto na msiba, na mgeni aisikiapo kwa mbali hutambua kwamba mbele yake pana mji. Tena husikiwa na wote, aliyesoma na asiyesoma, wala hapana anayehitaji kuiazima.

Bwana Franklin alikataa kwa upole. Mwezi wa Machi 1785, akiwa Passy karibu na Paris, alimwandikia rafiki yake Richard Price, mhubiri na mwandishi aliyekaa karibu na London. Akamweleza habari za mji ule, na jinsi alivyowashauri watu wake waache kwanza gharama ya mnara, wapokee vitabu, kwa kuwa aliona kitu chenye kufundisha kitawafaa kuliko kitu chenye kulia. Akamwomba Price amfanyie orodha ya vitabu vizuri vya thamani ya pauni 25 hivi, vya dini na vya utawala wa haki, viwe mwanzo wa maktaba ndogo ya wakulima wenye akili. Barua ile ilipelekwa kwa mkono wa jamaa yake, Jonathan Williams.

Liangalieni vizuri tendo hilo. Franklin alikuwa mzee karibu wa miaka 80, mwenye vitabu vyake vingi, naye angeweza kumwambia mtumishi akusanye vile alivyokwisha kuvichoka, avifunge katika kasha na kuvipeleka bandarini. Wakulima wale wangeshukuru vivyo hivyo. Hakufanya hivyo. Aliweka kiasi cha fedha, akatafuta mtu ajuaye vitabu kuliko yeye katika mambo yale, akamweleza wasomaji ni watu wa namna gani, ndipo vitabu vikanunuliwa. Zawadi hiyo ilifika Massachusetts mwaka 1786, nayo ilikuwa na majuzuu 116. Miongoni mwake mlikuwa na kazi za John Locke, kitabu cha Montesquieu juu ya sheria, na maelezo ya Blackstone juu ya sheria za Uingereza. Na pamoja na hivyo mahubiri, mahubiri, na mahubiri mengine tena. Mtoto wa miaka 10 asingalipata mengi ya kumfurahisha katika kabati lile. Lakini wakulima wale walikuwa wametoka vitani juzi tu, na sasa waliketi katika mkutano wa mji kupiga kura juu ya kodi, barabara na viongozi wao. Mtu aliyewachagulia vitabu vya sheria aliijua kazi iliyowangoja.

Mhubiri wa mji, Nathanael Emmons, alitoa hotuba ya kushukuru zawadi hiyo, nayo ilipigwa chapa mwaka 1787. Hapo mtu angedhani habari imekwisha: vitabu vimefika, shukrani zimetolewa, maktaba ipo. Sivyo ilivyokuwa. Kabla watu hawajasoma sana, walianza kubishana. Je, vitabu hivi ni vya nani? Mtoaji alikuwa ametaja maktaba ya parokia. Basi, ni vya kundi moja tu, au ni vya kila mwenyeji? Na asiyetoa chochote kwa ajili ya kuvitunza, ana haki ya kuvichukua mpaka nyumbani kwake?

Ubishi huo si wa watu wajinga. Kila mahali penye kitu kizuri kichache, swali hilo huzuka, na wenye kutaka kufunga mlango huwa na sababu zenye kusikilizwa. Husema kwamba vitabu vitachafuka, na kwamba vitapotea kwa watu wasiojua thamani yake. Husema pia kwamba ni afadhali kukitunza kitabu kwa ajili ya wachache wakisome miaka 50 kuliko kukitoa kwa wengi kikachakaa kwa miaka 5. Mambo hayo ni kweli yote, nayo hayatoshi, maana kitabu kilichotunzwa hivyo kimekuwa pambo la nyumba.

Mwezi wa Novemba 1790, mkutano wa mji wa Franklin ulikata shauri kwa kura: vitabu vile viazimwe na wenyeji wote wa mji, bila malipo. Benjamin Franklin hakupata kuisikia habari hiyo. Alikuwa amefariki Philadelphia tarehe 17 Aprili mwaka ule ule, mwenye umri wa miaka 84. Watu wa mji wa Franklin hujivunia kwamba maktaba yao ndiyo ya kwanza ya watu wote katika Marekani, na wanapotoa ushahidi wao, hawatoi ile siku ya kufika kwa vitabu. Hutaja siku ya kura. Miaka minne vitabu vilikuwapo. Maktaba ya mji ilikuwa bado.

Huenda Franklin mwenyewe asingalistaajabu, maana alipata kuyaona mambo kama hayo tangu ujana wake. Mwaka 1727 yeye na vijana wenzake wa Philadelphia, wengi wao mafundi wa kazi za mikono, waliunda chama cha mazungumzo kilichoitwa Junto. Baadaye akatoa shauri kwamba kila mmoja alete vitabu vyake katika chumba walimokutana, ili wote wavitumie kama kwamba kila mtu anavyo vyote. Shauri zuri mno! Wakakusanya vitabu upande mmoja wa chumba, vichache kuliko walivyotazamia. Baada ya mwaka mmoja hivi mambo yaliharibika. Vitabu havikutunzwa inavyopasa, wenyewe wakaona uchungu, na kila mtu akavichukua vyake akarudi navyo nyumbani.

Hapo ndipo alipobuni mpango wa pili, ulioanzishwa mwaka 1731. Watu 50 waliandikisha majina yao, kila mmoja akatoa shilingi 40 za kununulia vitabu vya kwanza, na kuahidi shilingi 10 kila mwaka. Vitabu vikaagizwa London, akaajiriwa mtu wa kuvitunza na kuviandika vinapotoka na vinaporudi. Maktaba hiyo ya Philadelphia ingalipo hata leo. Tofauti ya mpango wa kwanza na wa pili haikuwa katika vitabu wala katika mapenzi ya kusoma. Wa kwanza haukuwa na mtu wa kujibu, kitabu kikikosekana, kiko wapi. Wa pili ulikuwa naye, na ulikuwa na shilingi 10 za kila mwaka.

Shilingi hizo za kila mwaka ndizo zinazosahauliwa na watu wengi wakusanyao vitabu vya zawadi. Katika New Hampshire, jimbo lililo jirani na Massachusetts, mji mdogo wa Peterborough ulilitambua jambo hilo mapema. Mwaka 1833, kwa shauri la mhubiri wao Abiel Abbot, wenyeji walikubali kutoa sehemu ya fedha za umma zilizofika katika mji wao, waanzishe maktaba ya bure na kuiendesha. Toka siku hiyo maktaba yao haikutegemea tena moyo wa mtu mwema mmoja, ambaye huenda kesho akafa au akahama. Peterborough nao hujivunia kuwa wa kwanza, na watu wa miji hiyo miwili waachiwe ubishi wao.

Kenya nayo ilipata zawadi kubwa ya vitabu na jengo, tena kutoka kwa jamaa ya mtu aliyezaliwa Marekani. Sir William Northrup McMillan alikuwa tajiri mwenye shamba karibu na Ol Donyo Sabuk, akafariki mwaka 1925. Mjane wake, Lady McMillan, akajenga maktaba Nairobi kwa ukumbusho wake, pamoja na msaada wa fedha kutoka shirika la Carnegie, nayo ikafunguliwa mwaka 1931. Ni jengo zuri sana, lenye nguzo za mawe na simba wawili mbele ya mlango. Lakini liliwekwa kwa ajili ya Wazungu. Karani Mwafrika aliyeweza kusoma na kuandika Kiingereza vizuri, na mwalimu Mhindi mwenye shahada yake, waliwatazama wale simba, wakapita. Mambo yalikaa hivyo kwa miaka mingi. Mwaka 1962, uhuru ukiwa umekaribia, jengo lilikabidhiwa kwa Baraza la Jiji la Nairobi, likawa la watu wote.

Haifai kusema kwamba mama yule hakutoa kitu. Alitoa, na vitabu vile vimesomwa na maelfu ya watu baadaye. Lakini zawadi inayokuja na orodha ya wasioruhusiwa hukaa nusu yake imefungwa, na miaka inayopita hairudishiki. Mvulana aliyekuwa na miaka 12 mwaka 1931 alikuwa mtu mzima wa miaka 43 mlango ulipofunguliwa.

Katikati ya miaka hiyo ilianza kazi nyingine, isiyokuwa na nguzo wala simba. Mwaka 1948, baada ya uchunguzi uliofanywa na Bi. Elspeth Huxley juu ya haja ya vitabu katika nchi hizi, iliundwa East African Literature Bureau, chini ya uongozi wa Charles Richards. Idara hiyo ilichapisha vitabu kwa Kiswahili na kwa lugha nyingine za Afrika Mashariki, na pamoja na kuchapisha ilipeleka vitabu kwa wasomaji waliokaa mbali. Msomaji aliweza kuletewa kitabu kwa posta, na mahali pengine palipelekwa sanduku la vitabu lililowekwa chini ya ulinzi wa mtu mmoja aaminikaye. Sanduku la mbao si kitu cha kupigwa picha. Lakini watu wengi walioandika vitabu katika nchi hii baadaye walianza kusoma kwa vitabu vya kuazima, vyenye majalada yaliyolegea na majina ya wasomaji waliotangulia. Idara hiyo ilikwisha mwaka 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika. Kabla ya hapo, mwaka 1965, Bunge la Kenya lilikuwa limepitisha sheria ya maktaba za taifa, na kazi ikaanza mwaka 1967. Mwaka 1996 wakuu wa maktaba hizo walianza kuwatumia ngamia huko Garissa, wakibeba masanduku ya vitabu na hema la kusomea, kuwafuata wafugaji wanaohamahama. Ngamia hakuulizwa ni nani wanaoruhusiwa kusoma.

Basi, watu wa mji mdogo wenye soko, shule mbili, zahanati na kituo cha magari wamekutana, wanataka maktaba. Mara nyingi jambo la kwanza wanalofanya ni kuandika barua za kuomba vitabu. Huandikia watoto wa mji waliofika mjini mkubwa, huandikia marafiki wa ng'ambo, na huandikia shule zenye vitabu vilivyozidi. Barua hizo ni za kufaa, lakini ziwe na maneno yaliyo wazi. Anayeandika "Tuletee vitabu vyovyote" ataletewa vyovyote. Kasha likifunguliwa atakuta kitabu cha kodi za nchi ya mbali, mafundisho ya mashine ambayo haitengenezwi tena, juzuu la tatu la hadithi ambayo la kwanza na la pili hayapo, na kamusi iliyopotewa na herufi zake za kwanza. Mtoaji amesafisha nyumba yake na kupata thawabu kwa siku moja. Wapokeaji wamelipa gharama ya bandarini na ya lori, nao huona haya kuvitupa.

Wasione haya. Kamati ya maktaba iwe na watu wawili au watatu wenye ujasiri wa kusema hapana, na barua zao zitaje kinachotakiwa. Yule aliyewachagulia wakulima wa Massachusetts vitabu vya sheria angefanya nini hapa? Bila shaka angeweka Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, nakala zaidi ya moja, maana ndicho kitabu watu wanachokitaja sana bila kukifungua. Angeweka sheria za ardhi, ambazo ukosefu wa kuzijua umewapoteza wajane wengi mashamba yao. Angeweka vitabu vya kilimo vinavyosema juu ya mahindi, maharagwe, ng'ombe na kuku wa nchi hii, wala si vya matufaha na theluji. Kwa watoto angetafuta hadithi zenye picha, zilizoandikwa kwa Kiswahili na kwa lugha ya mama ya mahali pale, kwa kuwa mtoto anayeanza kusoma kwa lugha asiyoisema nyumbani hubeba mizigo miwili. Na vitabu vya Shaaban Robert visikose, navyo viwekwe mahali pa kushikwa, si katika kabati la kioo lenye kufuli.

Gharama ya vitabu vipya huwatisha watu. Hapo zawadi ya Franklin ina faida tena. Mzaliwa wa mji aliye na kazi nzuri Nairobi au Mombasa, akiombwa vitabu, hutuma magazeti ya zamani. Lakini akiandikiwa jina la kitabu kimoja, bei yake, na duka kinapouzwa, na kuahidiwa kwamba jina lake litaandikwa ndani ya jalada, mara nyingi hununua. Watu 100 wakinunua kitabu kimoja kimoja, mji umekaribia kuupata ule mwanzo wa Franklin, nao una vitabu uliovichagua wenyewe.

Mahali pa kuviweka si lazima pawe jengo. Chumba kimoja cha shule, cha kanisa, cha msikiti au cha ofisi ya chifu chatosha kwa miaka ya kwanza, mradi kiwe na paa lisilovuja na mlango unaofungwa. Lakini wenye nyumba wakubali kwa maandishi kwamba chumba ni cha watu wote, wa dini zote na wasio na dini, ili ubishi wa mwaka 1786 usirudi. Rafu zisigusane na ukuta wala sakafu. Miguu yake isimamishwe katika makopo yenye mafuta machafu ya gari, kwa sababu ya mchwa, ambaye husoma haraka kuliko mwanafunzi yeyote na harudishi. Mende nao hupenda gundi ya majalada, basi chakula kisiliwe humo. Jua la dirishani hugeuza karatasi kuwa kama majani makavu. Pazia la kanga kuukuu linatosha. Mwezi wa mvua vitabu vifunguliwe na kupepewa, maana ukungu ukianza katika kimoja huvamia jirani zake.

Saa za kufungua zapaswa kufikiriwa zaidi kuliko zinavyofikiriwa. Maktaba ikifunguliwa saa 3 asubuhi na kufungwa saa 10 jioni siku za kazi, ni nani atakayeingia? Watoto wako shuleni, wakulima wako shambani, mama wako sokoni. Watakuwamo vijana wasio na kazi, nao ni wasomaji wema, lakini si mji wote. Siku ya soko na siku ya Jumamosi ndizo siku za kufungua mchana kutwa, na siku nyingine jioni, ikiwa taa ipo. Yafaa pia kuangalia ni akina nani wasioonekana. Msichana hutumwa maji na kuni wakati kaka yake anapokwenda maktaba. Mwanamke mwenye mtoto mgongoni huona haya kuingia chumba chenye wanaume wanaosoma habari za mpira. Katika mji mmoja jambo hilo laweza kutengenezwa kwa kuweka mama wa makamo kuwa mtunzaji, na mahali pengine kwa kutenga alasiri moja kwa ajili yao. Kura ya watu wote haina maana ikiwa nusu ya watu hawapiti mlangoni.

Mtunzaji huyo, awe mwanamume au mwanamke, alipwe. Kuna watu wenye moyo ambao watafanya kazi bure kwa miezi 6, hata mwaka. Kisha mvua hunyesha, shamba huita, mtoto huugua, na ufunguo hubaki mfukoni mwa mtu aliye safarini. Malipo madogo ya kila mwezi ni bora kuliko sifa kubwa za siku ya ufunguzi. Fedha zitoke wapi? Wenyeji wachange kiasi, kwa hiari. Lakini yafaa wajue pia kwamba Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imeziweka maktaba miongoni mwa kazi za serikali za kaunti. Basi kamati ya mji ikienda kwa mwakilishi wake katika bunge la kaunti kuomba mshahara wa mtunzaji, haiendi kuomba hisani. Iende na daftari mkononi, linaloonyesha vitabu vingapi viliazimwa mwezi uliopita na vingapi vilirudi, maana hapana hotuba inayoshinda daftari lililoandikwa vizuri.

Daftari hilo ni la namna mbili. La kwanza ni la vitabu: kila kitabu kipewe namba, iandikwe juu ya jalada na ndani, na katika daftari iandikwe namba hiyo, jina la kitabu, mwandishi, mtoaji, na tarehe ya kupokewa. La pili ni la wasomaji: jina, mahali anapokaa, namba ya kitabu alichochukua, siku aliyochukua, na siku ya kurudisha. Siku 14 zatosha kwa kitabu cha kawaida, na anayetaka kuongezewa aongezewe ikiwa hapana mwingine anayekingoja. Kamati nyingine hutoza ada ya kuingia ili kuwazuia wazembe. Ada hiyo haiwazuii wazembe, huwazuia maskini, na watu wa Franklin waliliamua jambo hilo mwaka 1790.

Vitabu vitapotea. Kamati isiyotaka kupotewa na kitabu hata kimoja na ibaki na vitabu vyake vikiwa makashani. Mtu mzima aliyepoteza akirudishe kingine kama hicho au atoe thamani yake kidogo kidogo, na akikataa, asipewe tena mpaka atakapotimiza. Lakini mtoto akija analia kwamba mvua ilimkuta njiani na kitabu kimelowa kabisa, au mbuzi amekila, mtunzaji asimpeleke kwa mwalimu wala kwa baba yake. Aandike katika daftari, mbele ya namba ya kitabu hicho, neno "kimeharibika" kwa wino mwekundu, na tarehe. Kisha amwonyeshe mtoto jinsi ya kufunga kitabu katika karatasi ya nailoni, na amwache achague kingine.